Dawa za mwani wa bahari za baridi: ipi inakufaa, na kwa tatizo lipi?

Ukiingia kwenye duka kubwa la dawa mjini, mwani umekaa sehemu tatu. Upande mmoja kuna dawa ya maji ya kiungulia. Upande wa pili kuna bandeji za vidonda na dawa za kupuliza puani. Upande wa tatu, ambao ndio wenye maandishi makubwa na bei ya kutisha, kuna makopo ya vidonge: kelpi, fukoidani, "Irish moss". Vyote hivyo asili yake ni mwani, na vingi vimetoka kwenye bahari za baridi huko Norway, Scotland, Ireland, Ufaransa, Japani na Tasmania. Ila ushahidi wa kimoja haulingani na wa kingine hata kidogo, na mgonjwa anayeambiwa tu kwamba "mwani unatibu" hajaambiwa kitu.

Mtu akiniuliza achague nini, mimi huanza na swali moja: kiambato hiki kinafanya kazi palepale kinapogusa, au ni lazima kwanza kiingie kwenye damu? Viambato vingi maarufu vya mwani ni minyororo mirefu ya sukari, mikubwa kiasi kwamba utumbo hauipitishi kirahisi. Ikitumiwa mahali inapogusa tatizo moja kwa moja, kama tumboni, puani au kwenye kidonda, hutoa matokeo yanayopimika. Ikimezwa kwa matumaini kwamba itaenda kutibu goti, ini au uvimbe, hapo ndipo ahadi huwa nyingi kuliko ushahidi. Madini joto yako peke yake: ni madogo, yanaingia mwilini bila kizuizi, yanatibu kweli, na kwa sababu hiyohiyo yanaweza kudhuru kweli.

Kwa nini maji baridi? Kelpi, yaani ule mwani mkubwa wa kahawia wenye shina na majani mapana, hauvumilii joto. Huota kwenye miamba ya bahari zenye baridi na rutuba nyingi. Afrika tunao pia, lakini upande wa Atlantiki, Namibia na Afrika Kusini, ambako mkondo wa Benguela huleta maji baridi. Pwani yetu ya Bahari ya Hindi ina joto mno kwake. Mwani huo hupigwa na mawimbi mchana na usiku, na maji yakitoka hubaki juani na upepo ukiukausha. Ili usivunjike umejijaza ute uitwao alginati, ambao unaweza kufikia asilimia 40 ya uzito wake mkavu. Ili usikauke una fukoidani, ambayo nayo ni mnyororo mrefu wa sukari. Na ili seli zake zisiharibiwe na kemikali kali zinazozalishwa wakati wa dhiki, kelpi aina ya Laminaria digitata hulimbikiza madini joto kuliko kiumbe kingine chochote kinachojulikana. Haya yote mwani uliyatengeneza kwa ajili yake, na sisi tunayaazima.

Kiungulia: alginati, vidonge vya kutafuna, au omeprazoli?

Hapa ndipo mwani unaposhinda waziwazi, na ndiyo sababu naanzia hapa.

Alginati ilitambuliwa na mkemia wa Uingereza, E.C.C. Stanford, aliyekuwa akishughulika na mwani wa Scotland, na hataza yake ni ya mwaka 1881. Leo malighafi kubwa ya Ulaya hutoka Norway, ambako huvunwa takriban tani 150,000 za Laminaria hyperborea kwa mwaka, na pwani ya Brittany nchini Ufaransa, ambako boti huvua kelpi kwa chuma kirefu chenye ncha ya kulabu kinachozungushwa majini mpaka majani yajisokote na kung'oka.

Dawa za kiungulia zenye alginati, Gaviscon ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, huchanganywa na bikaboneti. Ukitaka kuona zinavyofanya kazi, chukua glasi yenye siki kidogo umimine kijiko kimoja cha dawa hiyo. Itatoa povu, kisha utaona pande la ute mweupe likijikusanya na kuelea juu. Tumboni hutokea vivyo hivyo. Asidi huigandisha alginati, hewa ya bikaboneti hunaswa ndani ya ule ute, na chelezo kinaelea juu ya chakula. Baada ya mlo, asidi kali zaidi hukusanyika juu ya chakula, karibu kabisa na mlango wa koo la chakula, na chelezo hicho hukaa hapohapo kikiizuia isipande. Dawa haihitaji kuingia kwenye damu kufanya hivyo.

Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na aluminiamu hufanya kazi tofauti: vinapunguza ukali wa asidi. Nafuu huja haraka lakini huondoka haraka, hasa ukivitafuna tumbo likiwa tupu. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kuwa dawa za alginati huwasaidia watu wenye kiungulia kuliko vidonge hivyo, na kuliko dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Omeprazoli na ndugu zake ni nguvu nyingine kabisa. Huzima vinu vinavyotengeneza asidi, huchukua siku kadhaa kufikia nguvu kamili, na humezwa kabla ya kula.

Uchaguzi wangu basi uko hivi. Kiungulia kinachokuja mara mojamoja baada ya ubwabwa wa usiku au chapati za mafuta, alginati inatosha: inywe baada ya kula na kabla ya kulala, kwani ukiinywa kabla ya mlo chelezo hakina kitu cha kuelea juu yake. Mama mjamzito ambaye kiungulia kinamkosesha usingizi, alginati ni miongoni mwa dawa za kwanza ambazo wakunga na madaktari humpa, kwa kuwa haiingii mwilini kwa kiasi cha maana. Kiungulia cha kila siku, chenye vidonda kwenye koo la chakula, kinahitaji omeprazoli na daktari. Na vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori haviponi kwa mwani wowote. Hivyo vinataka antibayotiki.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji husahau kuyasema. Dawa hizi zina sodiamu, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, moyo au figo aulize kwanza. La pili ni zito zaidi: ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una kiwango kikubwa cha saratani ya koo la chakula. Mtu ambaye chakula kinamkwama anapomeza, anayekonda, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asipewe chupa ya alginati hata moja. Aende akapimwe.

Kidonda: bandeji ya alginati au gauzi ya kawaida?

Ukishawahi kupimwa meno ya bandia, umeshakutana na alginati mdomoni. Ule unga ambao daktari wa meno anaukoroga na maji, anaujaza kwenye kisahani na kukubandika kwenye ufizi, unaganda dakika chache baadaye ukiwa na alama za kila jino. Kinachougandisha ni kalisi. Kalisi hushikanisha minyororo ya alginati, na maji yanabaki yamefungwa katikati.

Bandeji ya alginati hutumia siri hiyohiyo kinyumenyume. Inakuja ikiwa nyuzi laini za kalisi alginati, mfano wa pamba. Ikikutana na majimaji ya kidonda, sodiamu iliyo kwenye majimaji hayo inachukua nafasi ya kalisi, nyuzi zinageuka kuwa ute, na kalisi iliyoachiwa husaidia damu kuganda. Siku ya kubadilisha, ute huo huoshwa kwa maji ya chumvi bila kung'oa nyama mpya. Yeyote aliyewahi kubanduliwa gauzi iliyokauka juu ya kidonda anajua thamani ya jambo hilo.

Je, kidonda kinapona haraka zaidi? Hapa lazima niwe mkweli kwa familia zinazobeba gharama. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, kuhusu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari hayakupata ushahidi kwamba bandeji za alginati huponya haraka kuliko bandeji za kawaida. Faida yake ni kunyonya majimaji mengi na kupunguza maumivu ya kubadilisha. Kwa kidonda kinachotoa majimaji sana au kinachovuja damu, inastahili bei yake kama unaimudu. Kwa kidonda kikavu haifai kabisa, kwa sababu itakikausha zaidi. Na kwa mgonjwa wa kisukari, fedha ikiwa haba, ni bora iende kwanza kwenye kudhibiti sukari, kusafisha kidonda na viatu visivyobana.

Kelpi ina kazi nyingine ya aina hiyo hospitalini: kijiti cha shina lililokaushwa cha Laminaria, ambacho daktari wa wanawake hukiweka kwenye mlango wa uzazi kikavimba polepole kwa saa nyingi na kuufungua taratibu. Kimetumika tangu karne ya 19. Ni cha mikono ya daktari tu, kikiwa kimetakaswa.

Mafua na virusi: karajinani au fukoidani?

Hawa wawili wanafanana sana kwenye makaratasi. Wote ni sukari ndefu zenye salfeti, wote wana chaji hasi, na kwenye maabara wote hunasa virusi kama ulimbo unavyonasa ndege, kabla havijafika kwenye seli. Karajinani hutoka kwenye mwani mwekundu, na fukoidani kwenye mwani wa kahawia, ambako iligunduliwa na Harald Kylin wa Uppsala, Sweden, mwaka 1913.

Tofauti ni njia ya kuingilia. Karajinani ya aina ya iota imewekwa kwenye chupa za kupuliza puani, mahali ambapo virusi vya mafua vinatua. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto na watu wazima wenye mafua, matokeo yake yalipounganishwa, yalionyesha kuwa ugonjwa ulifupika kwa karibu siku mbili. Wakati wa UVIKO-19, jaribio la Argentina lilihusisha wahudumu wa afya 394. Waliopulizia iota karajinani walioambukizwa walikuwa asilimia 1, na waliopulizia dawa ya kuigiza walikuwa asilimia 5. Inatia moyo, lakini hesabu yenyewe ni watu 2 dhidi ya 10. Kwa idadi hiyo mimi nisingeacha chanjo. Ningeipulizia puani nikiwa na mafua yameanza, au nikiwa ninamuuguza mtu, na ningejua kwamba madhara yake ni madogo.

Fukoidani kwa upande wake inauzwa kama kidonge cha kumeza cha "kuongeza kinga". Kinapitia tumboni, sehemu ndogo mno inaingia kwenye damu, na virusi vya mafua viko puani. Kwa mafua, kati ya hawa wawili, sioni sababu ya kuchagua fukoidani.

Hata hivyo, kugusa mahali penyewe hakuhakikishi ushindi, na sisi Waafrika tunalo somo lililotugharimu. Karajinani ilizuia virusi vya UKIMWI maabara, ikatengenezwa jeli ya ukeni iitwayo Carraguard, na kuanzia 2004 ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake 6,202. Matokeo yalichapishwa 2008: jeli ilikuwa salama, lakini haikuwakinga. Kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, waliotumia jeli waliambukizwa 3.3 na waliopewa ya kuigiza 3.8, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Sababu mojawapo inaweza kuwa kwamba jeli haikutumika kila mara, ikaishia chini ya nusu ya matendo ya ndoa. Wanawake wale walijitolea miili yao ili wengine tupate jibu, na jibu hilo linapaswa kuheshimiwa kila mtu anapotuonyesha matokeo ya maabara na kutuambia dawa imepatikana.

Jambo moja hapa linanigusa kwa namna ya pekee. Iota karajinani, hii yenye ushahidi mzuri puani, chanzo chake kikuu wala si mwani wa maji baridi. Mwani mwekundu wa baridi, Chondrus crispus wa Ireland, hutoa zaidi aina za kappa na lambda. Iota hutoka kwa Eucheuma denticulatum, ambao wakulima wa Paje na Jambiani wanauita spinosum na ambao umelimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989. Akina mama wanafunga vipande kwenye kamba maji yakitoka, wanavuna, wanaanika, na mzigo mwingi unapanda meli ukiwa mkavu bila kusindikwa. Thamani inaongezewa kwingine.

Saratani, viungo na damu: fukoidani imefika wapi?

Sipendi kumvunja moyo mgonjwa, na najua ni familia gani hutafuta vidonge hivi: zile ambazo zimeshauza shamba. Kwa hiyo nasema kwa upole lakini bila kuficha. Kwenye vyombo vya maabara fukoidani imeua seli za saratani za aina nyingi, na kwa panya imepunguza uvimbe. Kwa binadamu, majaribio ni madogo na hakuna lililoonyesha kwamba inaponya saratani. Mtu akikwambia uache tibakemikali au mionzi unywe fukoidani, anakuweka hatarini.

Kwa maumivu ya magoti mfano ni mzuri zaidi, maana tuna majaribio mawili tunayoweza kuyaweka sambamba. Mwaka 2010 utafiti mdogo wa Australia, usio na kundi la dawa ya kuigiza, ulionyesha dalili za baridi yabisi ya magoti zikipungua. Mwaka 2016 kundi hilohilo la watafiti lilifanya jaribio kubwa zaidi, safari hii likiwa na dawa ya kuigiza. Waliomeza miligramu 300 za fukoidani kila siku kwa wiki 12 hawakupata nafuu zaidi ya waliomeza kidonge kisicho na kitu. Ukitangaziwa fukoidani ya viungo, uliza ni utafiti wa mwaka upi wanaounukuu.

Kuna ugumu mwingine unaoifanya fukoidani iwe shida kuilinganisha hata na yenyewe. Ya Fucus vesiculosus wa Atlantiki si ileile ya Undaria inayovunwa Tasmania, na ya msimu mmoja hutofautiana na ya msimu mwingine kwa urefu wa mnyororo na wingi wa salfeti. Makopo mawili yenye neno moja juu yake yanaweza kuwa na vitu viwili tofauti ndani.

Na hatari iko hapa: muundo wake unakaribiana na heparini, dawa ya hospitali inayozuia damu kuganda, na kwenye vipimo fukoidani huchelewesha damu kuganda. Anayetumia warfarini, anayetarajia upasuaji, au mwenye vidonda vinavyovuja damu, akae mbali nayo mpaka azungumze na daktari wake.

Fukozanthini, rangi inayoupa mwani ukahawia wake na inayouzwa kwa kupunguza unene, ushahidi wake kwa binadamu ni mdogo zaidi. Polifenoli za kelpi na laminarini nazo bado ni kazi ya maabara kwa upande wa tiba, ingawa laminarini imeshapata ajira ya kuamsha kinga ya mimea shambani. Nitazipita.

Niongeze tu kisa kimoja kwa wanaoamini kwamba idhini ya serikali moja inamaliza mjadala. Novemba 2019 China iliidhinisha kwa masharti GV-971, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer iliyotengenezwa kwa sukari fupi zinazotokana na mwani wa kahawia. Watafiti wengi nje ya China walitaka ushahidi zaidi. Jaribio kubwa la kimataifa lilianzishwa, na mwaka 2022 likasimamishwa kabla ya kufika mwisho.

Madini joto: kidonge cha kelpi au chumvi ya dukani?

Historia ya madini joto ilianzia kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1811 Bernard Courtois, aliyekuwa akitengeneza chumvi za baruti huko Ufaransa, alimimina asidi nyingi kupita kiasi kwenye mabaki ya majivu hayo akaona moshi wa zambarau ukipanda. Mwaka 1820 Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na rovu likapungua. Wapo waliopata madhara pia, na ubishi ukawaka mjini. Tangu mwanzo kabisa, pande mbili za dawa hii zilionekana.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ulaya imeweka ukomo wa mikrogramu 600 kwa mtu mzima. Sasa tazama mwani wenyewe: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2004 vilianzia mikrogramu 16 kwa gramu kwenye nori, ule mwani mwembamba wa kuzungushia sushi, hadi zaidi ya 8,000 kwa gramu kwenye chenga za kelpi. Gramu moja ya chenga hizo ni zaidi ya mara 50 ya mahitaji ya siku. Na huwezi kujua kwa macho kopo lako liko upande upi wa mizani hiyo.

Upande wa pili weka chumvi. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ukila gramu 5 kwa siku, inakupa mikrogramu 150 barabara. Kenya, Tanzania na majirani zetu wameshaweka sheria za kutia madini joto kwenye chumvi, kwa sababu rovu na udumavu wa akili wa watoto uliwatesa watu wa nyanda za juu kwa vizazi. Chumvi hiyo iko kila duka, kipimo chake kinajulikana, na bei yake haimshindi mtu.

Kuna wanaosema: basi zaidi ni bora. Waulize wa Kivu. Kisiwa cha Idjwi na maeneo jirani, mashariki mwa Kongo, yalikuwa na upungufu mkali wa madini joto kwa miaka mingi. Chumvi yenye madini hayo ilipoingia kwa wingi miaka ya 1990, madaktari waliandika mwaka 1996 kuhusu wagonjwa ambao tezi zao, zilizozoea njaa, zilizalisha homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda, jasho. Iliwapata kwa chumvi tu. Kelpi yenye madini mara 50 unaijaribia nini?

Kwa hiyo katika ulinganisho huu sioni pa kusitasita. Mwenye chumvi ya madini joto nyumbani hana haja ya vidonge vya kelpi. Mjamzito asivimeze kwa kujiamulia, kwa kuwa ziada huweza kuilemaza tezi ya mtoto aliye tumboni. Mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi, wa kuzidi au wa kupungua, asiviguse. Anayefikiria kwamba ana upungufu, kwa mfano mtu aliyeacha kabisa chumvi ya dukani na asiyekula samaki, akapime tezi kwanza. Pia kuna mwani unaokusanya aseniki. Hijiki wa Japani ndio unaojulikana zaidi, na Uingereza iliwashauri wananchi wake mwaka 2004 wasiule.

"Irish moss" ya kopo au mwani wa Unguja?

Watu wa pwani ya Ireland wamechemsha Chondrus crispus kwenye maziwa kwa kikohozi tangu zamani. Unatoa uji mzito unaolainisha koo, na kwa kulainisha koo sina ugomvi nao. Tatizo ni makopo ya leo yenye jina hilo. Mengi yanayouzwa mitandaoni kama "sea moss" si Chondrus. Ni mwani wa maji ya joto, Eucheuma, Kappaphycus au Gracilaria, aina zilezile zinazolimwa au kuota kwenye bahari za tropiki kama yetu. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kulipa fedha za kigeni kununua kile kilichoanikwa Jambiani.

Kama unataka jeli ya mwani kwa chakula, nunua ya hapa. Ina nyuzinyuzi, ina madini kiasi, haina maajabu. Tangazo la "madini 92" liache lipite: orodha nzima ya madini ambayo mwili wa binadamu unajulikana kuyahitaji haifiki hata 30. Angalia kama kopo lina jina la aina ya mwani, mahali ulikotoka na kiasi cha madini joto kwa kijiko. Kwa Tanzania, kumbuka kwamba dawa husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vyakula viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Nembo ya TBS kwenye jeli inahusu ubora wa chakula tu. Kopo linalodai kutibu kisukari au ugumba bila usajili wa dawa limevuka mpaka wake.

Ukitengeneza nyumbani, uoshe mwani mkavu mara kadhaa mpaka mchanga na chumvi viishe, uuloweke usiku kucha, uchemshe na usage. Weka kwenye friji na ule ndani ya siku chache, maana ni jeli isiyo na kihifadhi. Mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi aonje kwa idhini ya daktari, na mtoto mchanga asipewe kabisa.